Mukwe Wangu Casimir, Mupiga Gita wa Kalemie

Kama munataka habari ya Casimir, musiende kuuliza wale wa orkestre. Wale walikuwa wanakunywa. Muniulize mimi, Mama Émérence. Mimi njo nilimupa mutoto wangu Bertille, na sijakunywa hata siku moja mu maisha yangu.

Casimir alizaliwa Zongwe, huku njia ya Moba. Baba yake muvuvi, kaka zake wote wavuvi, yeye peke yake ku maji anatapika. Muntu wa Zongwe anatapika mu mutumbwi! Walimucheka paka wakachoka, kisha wakamutuma Mpala kwa mapadri asome. Kusoma hakusoma sana. Lakini pale Mpala kulikuwa katekista mumoja mwenye gita ya nyuzi tatu, zingine zilikatika zamani, na Casimir akajifunza pale. Wale wa orkestre wanasemaka ile namna yake ya kubakia ku nyuzi tatu ilikuwa akili ya pekee. Akili gani? Alijifunzia kitu chenye kuvunjika, basi.

Alifika Kalemie akiwa kijana, akapata kazi ku filature, ile kiwanda ya nyuzi za pamba. Kalemie ya wakati ule ilikuwa na muziki kupita leo. Mu wakati ya Wabeleji tulikuwa na gramofoni tu, na ngoma za kwetu. Nyuma ya uhuru, Mugiriki mumoja akafungua bar karibu na gare, pale treni inasimama, akaleta gita za umeme ku treni kutoka Lubumbashi, na ngoma za kupigwa na mguu, na sanduku ya sauti kubwa sawa kabati. Kisha watu wa reli nao wakatengeneza orkestre yao, na watu wa filature yao. Orkestre tatu mu mji wetu huu! Kila siku ya Mungu, njo jumapili, kuanza saa nane paka saa kumi na mbili, ilikuwa matine, muziki ya muchana. Wamama wa ile vikundi vya kusaidiana walikuwa wanafika na kitenge moja wote, wanakaa mustari, na orkestre ilikuwa lazima iwaimbie majina yao. Usipoimbiwa jina, unanuna juma nzima.

Na muelewe kitu kimoja. Muntu mwenye vyombo njo alikuwa mwenye orkestre. Mupiga gita alikuwa anakuja mikono tupu, wanamupa gita, anapiga, anarudisha, wanafunga mu chumba na kufuli. Gita haikukuwa yake, na ile nyimbo alitunga nayo haikukuwa yake. Halafu serikali ikaondoa Wagiriki, ikagawa biashara zao kwa wananchi. Ile bar ya gare, na gita zake, na watu wake, ikaangukia Papa Symphorien. Papa Symphorien alikuwa karani. Kitu cha muziki alikuwa anajua ni kupiga meza na kidole, na hata kidole kilikuwa kinachelewa.

Casimir alipigia pale. Wakati ule majina ya kizungu yalikatazwa, ku karatasi alikuwa na jina lingine la mababu, refu sawa treni. Nyumbani tulibakia na Casimir.

Sasa sikieni shida ya wapiga muziki wa hapa: hawakai. Treni iko, mashua iko. Akianza kujua gita, anaota Lubumbashi, ama anavuka Kigoma. Rafiki yangu Henriette, tulikuwa tunauza ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, meza moja ku soko. Bwana yake alikuwa mupiga ngoma. Alivuka Kigoma akasema ni juma mbili tu. Mwaka ule ule, tuko ku soko, redio ya Tanzania inaimba, Henriette akasimamisha kopo ya ndagala hewani. Akaniambia: "Ile sauti ya kuitikia ni yake." Wimbo ulikuwa unasifu mwanamuke fulani wa Tabora, meno yake, mwendo wake. Henriette akamalizia kupima, akamupa muteja ndagala yake. Hakulia mbele yangu. Kutoka pale nikaanza kuhesabu. Kufika mwaka wa sabini na tano nilikuwa nimehesabu tisa wenye walienda na gita ao sauti yao. Hakuna mumoja aliyerudi, hakuna mumoja aliyeita bibi yake.

Na mimi mutoto wangu alikuwa ameolewa na wa kumi.

Lazima niwaeleze bukwe, juu wengine mumesahau. Sisi Waholoholo na wao Watabwa ile desturi ni moja. Mama mukwe na bwana ya mutoto wake hawaangaliane mu uso. Hawakule pamoja. Wakikutana mu njia, mumoja anaingia mu majani paka mwingine apite. Si chuki, ni heshima. Na iko namna ya kuimaliza: mukwe anatuma mujomba wake na kuku na kitenge, mama anapika ile kuku, wanaikula mbele ya wazee, na kuanzia pale wanaweza kusalimiana. Wengine wanafanya vile mwaka wa kwanza. Casimir, miaka ine, bado. Kila siku alikuwa na repetisyo, kujaribu nyimbo na orkestre.

Lakini heshima alikuwa nayo, nisiseme uongo. Nyumba yao ilitazamana na yangu, njia tu katikati. Nikitaka kuingia kwa Bertille, nilikuwa ninakohoa pa mulango, na kule nyuma nilikuwa ninasikia Casimir anatoka na dirisha. Mara moja tulikutana katikati ya daraja ya Lukuga. Pale hakuna majani. Akageuza kinga, ile baiskeli yake, akarudi njia yote, akangojea ng'ambo paka nipite. Filature walimukaripia juu ya kuchelewa. Bertille njo aliniambia. Nilimujibu, "Alipe ile kuku, hatachelewa tena."

Mwaka ule wa sabini na tano akafika muntu mumoja kutoka Lubumbashi, wa nyumba ya kutengeneza disque, zile sahani za muziki. Mu watu alikuwa anaitwa sitwayen, njo kusema mwananchi, nani-nani. Akisha kukaa ku meza, alikuwa François. Alisema atasikia orkestre ya Symphorien siku ya Mungu ku matine, na atachagua watu watatu tu wa kuenda naye kuimba mu disque. Muji wote ukajua. Muimbaji, ule Félicien mwenye midomo, alikuwa na hakika kama ni yeye. Na watu walisema wa pili ni Casimir.

Siku ya ine ya juma ile Bertille akavuka njia. Alikuwa na watoto wawili na tumbo ya tatu.

"Mama, Casimir anasema ni miezi tatu."

"Bwana ya Henriette alisema juma mbili."

"Casimir si bwana ya Henriette."

"Bwana ya Henriette vilevile alikuwa muntu muzuri, paka siku alipanda mashua."

Akakaa chini, akashika tumbo. "Mama, ninakujua. Usifanye kitu."

"Mimi nitafanya nini? Mimi muuza ndagala."

"Mama."

"Enda upike, watoto wana njaa."

Siku ya tano, mangaribi haijafika, ninasikia hodi. Ni Papa Pontien, mujomba wa Casimir, na kuku mu kwapa na kitenge mu karatasi. Na nyuma ya ukuta wangu wa matete ninaona miguu mbili. Viatu nilivijua.

Papa Pontien akaanza maneno ya wazee. Nilimukata.

"Papa Pontien, umuambie ule yuko nyuma ya matete: miaka ine kuku zote za Kalemie zilikuwa wagonjwa?"

"Mama Émérence, amesikia. Haina lazima nimuambie."

"Umuambie!"

Masikini Papa Pontien akageuka ku matete. "Casimir, Mama anauliza kama kuku zilikuwa wagonjwa."

Sauti ikatoka kule, ya heshima sana. "Papa, umuambie Mama nimekosa. Kazi na muziki vilinikula. Sasa nikienda mbali, nataka niache nyumba yenye amani. Mama na Bertille wakule sahani moja, na mimi nisalimie mama kama mutoto."

"Papa Pontien, umuulize: akikosa kwenda, ile amani haitakuwako?"

"Casimir, Mama anauliza—"

"Nimesikia, Papa. Umuambie Mama, ku filature ninafunga nyuzi zenye kukatika. Kila siku, nyuzi zenye kukatika. Ile gita ninapiga si yangu. Nyimbo zangu Papa Symphorien anasema ni zake. Kama disque itatoka, jina langu litaandikwa juu yake, hata dogo. Hata dogo, Mama." Akasahau kupitisha ku mujomba, akanena na mimi moja kwa moja. Kisha akakumbuka, na vile viatu vikarudi nyuma kidogo.

Nilisikia. Sikukuwa kiziwi. Lakini nilikuwa ninafikiri hivi: nikikula hii kuku, haya imekwisha, mimi nabakia mama kama mama wengine. Mama kama wengine atafanya nini? Atalia ku gare, treni itaondoka. Lakini haya ikiwako, mimi nina kamba. Mahali mimi niko, yeye hawezi kuwa. Siku ya Mungu nikikaa mu ile matine, itakuwa lazima aweke gita chini atoke. Na ule wa Lubumbashi atachagua mwingine.

"Rudisha kuku," nikasema.

Papa Pontien alifungua kinywa. "Mama, kuku ya bukwe kurudishwa? Haijaonekana."

"Sasa imeonekana."

Siku ya Mungu nilienda misa, nikarudi, sikubadilisha nguo. Nikaenda kwa Henriette nikamuambia: "Tuende matine." Akacheka paka akashika ukuta, juu miaka yote ile sikuwa nimeingia bar. Hakuuliza sababu. Alivaa.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa, wale wamama wa kitenge moja mustari mbele, Papa Symphorien na ule François ku meza yao, François na koti ya kufunga paka shingoni, jasho inamutoka. Orkestre imeanza. Casimir alikuwa mbele kabisa, karibu na Félicien, macho amefunga, vile Henriette alinieleza kisha. Sikumuangalia uso, niliangalia kamba ya gita yake. Nikapita katikati ya wachezaji, nikachukua kiti, nikakiweka mbele ya wale wamama, nikakaa. Nikaomba limonade.

Casimir akafungua macho. Gita ikanyamaza katikati ya neno. Ngoma ikabakia peke yake kidogo, kisha nayo ikakufa.

Félicien, kile kinywa, akaweka micro ku midomo: "Ee Kalemie! Leo matine imepata mama mukwe! Mama Émérence, tukuimbie na wewe jina?"

Watu wakacheka. Papa Symphorien akakuja mbio, anainama.

"Mama, nakuomba, toka kidogo. Hii ni kazi ya watu."

"Papa Symphorien, bar ni ya watu wote. Ao serikali ilikupa na masikio yetu?"

"Mama, mugeni anaangalia!"

"Aangalie. Mimi vilevile ninaangalia."

Nilikuwa ninangojea mulango wa nyuma ufunguke. Mukwe yeyote angetoka. Nilimuona Casimir anashika ule mukanda wa gita ku bega, kama muntu anataka kuutoa. Bertille hakukuwako, ashukuriwe Mungu. Ule mukanda akauacha. Akageuka. Alisimama karibu na ukuta, uso ku ukuta, mugongo kwetu wote, na gita ikaanza tena pale ilikatika.

Alipiga vizuri. Ninasema vile juu ni kweli, si juu ninamupenda. Wale wamama wa kitenge waliacha kunong'ona. Félicien akaimba, na sikujuaka kama mijeledi ya maneno yake inaweza kuwa na utamu. Mimi nilikaa, ninakunywa limonade, ninajiambia, ni sawa, nani atachagua muntu anayepigia ukuta? Nimeshinda.

Lakini nilisahau sebene. Wenye hawajui: ni ile sehemu ya mwisho, muimbaji ananyamaza, gita inakimbia, na watu wote wanacheza, wapigaji nao. Juma nzima Papa Symphorien alikuwa amewaambia kama mugeni hatachukua muntu anayesimama kama muti ku sebene. Gita ikaanza kukimbia. Félicien anacheza, mupiga ngoma anacheza na mabega. Casimir amesimama. Mara ya kwanza ikapita, amesimama. Ya pili. Nilimuona François anainama kwa Papa Symphorien, ananyoosha kidole kule, anatingisha kichwa.

Papo hapo kiuno ya Casimir ikaanza.

Pole pole kwanza, kama muntu anayeomba ruhusa. Kisha hakuomba tena. Suruali ya wakati ule ilikuwa ya kubana juu, pana chini. Na mugongo wake ulikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nimechagua kiti cha mbele kabisa, kwa akili yangu mwenyewe! Wazee walitukataza uso. Walikataza kukula pamoja. Matako ya mukwe kucheza mbele ya mama mukwe hawakukataza, juu hakuna muzee aliyewaza kama kitu kile kitaonekana mu dunia.

Nilifunika kichwa na kitenge, nikasimama, nikagonga meza, limonade ikamwagikia mama mumoja wa mustari. Nilitoka bila kuona njia. Watu walicheka paka mulangoni, walipiga vigelegele. Nilifikiri Henriette ananifuata. Alibakia. Alibakia paka matine ikaisha, na ni yeye njo alinipashia ile François alisema: "Ule wa kucheza na mugongo ni nani? Namutaka ule kwanza."

Kesho yake kaka yangu Firmin aliniita mbele ya wazee wetu. Si wa Casimir, wetu! Firmin akasema: "Bukwe inafunga wote wawili. Mukwe akikimbia, na mama anakimbia. Wewe umemufuata paka ku kazi yake. Ulirudisha kuku. Ile uliona, uliitafuta." Wakakata kama sitaingia mu nyumba ya Bertille tena paka nitume kuku mimi, na samahani, kwa Casimir.

"Mimi? Nimuombe samahani muntu aliyenichezea matako?"

"Alikuchezea? Alikuwa anachezea kazi yake," Firmin akasema. "Wewe njo ulikaa nyuma yake."

Nilikataa. Casimir alipanda treni siku ya pili, na Félicien, na mupiga ngoma. Bertille alibakia ng'ambo ya njia na watoto. Hakuvuka, na mimi sikuvuka. Mutoto wa tatu alizaliwa, nilisikia kilio chake mara ya kwanza kutoka mu lupango, uwanja wa nyumba yangu, nimeshika ungo. Henriette njo alimupokea.

Mwezi wa tatu ukapita, Casimir hakurudi. Sitaficha, nilifurahi. Ku soko niliambia watu: "Nilisemaje?" Mwezi wa ine, hakuna. Wa tano, Henriette akanyamaza aliponiona, nikajua kuna kitu. Barua ilikuwa imefika, na tikiti za treni. Casimir alikuwa amepata nyumba mu Lubumbashi, vyumba viwili, anaita bibi yake na watoto.

Siku ya safari Bertille alikuja ku ukuta wangu wa matete. Hakuingia. Alisimama kule kule bwana yake alisimama.

"Mama, tunaenda."

"Ninasikia."

"Sema neno moja tu la samahani. Nitalipeleka mimi mwenyewe. Kuku nitasema nimeikula mu njia."

"Ajirudishe hapa kwanza, ageuke, aniangalie mu uso."

"Mama, ile hairuhusiwi! Ni wewe ulirudisha kuku!"

Mutoto mumoja akalia, gari la mizigo likapita, akaenda. Ku gare sikuenda.

Disque zilitoka mbili. Jina lake liliandikwa, dogo, chini ya la Félicien. Kisha vita ikaingia Shaba, jimbo letu, ile nyumba ya disque ikafungwa, Félicien akaenda Kinshasa. Casimir akafanya kazi mu garage ya magari, anapiga gita ku harusi tu. Wanasema kule Lubumbashi vijana walimuiga wakacheza mugongo kwa watu, wakaita ile namna ya Kalemie. Namna ya Kalemie! Bertille alimuzalia watoto sita. Casimir hakumuacha, hakuoa mwingine. Alikufa na kifua mwaka wa themanini na munane, na mimi ku kilio chake sikuweza kufika, juu bukwe yetu haikufunguliwa, na mama mukwe wa namna ile haingie mu nyumba ya maiti.

Watu wanasema nilikosea. Nilikosea muntu, ndiyo. Ile kitu yenyewe sikuikosea: wale tisa wako wapi? Wahesabuni. Samahani sijaomba, na sasa hakuna wa kuombwa.

Bertille angali Lubumbashi. Kalemie amefika mara moja tu, kwa kilio cha kaka yangu Firmin. Alikaa siku ine. Alilala kwa Henriette.